Gleam: Namna ya kuitayarisha tarakilishi kwa lugha mpya ya programu

NI jambo la kawaida kwa mwanagenzi wa uundaji wa programu kukata tamaa kabla hajaandika hata mstari mmoja. Lugha aliyoichagua haina kosa, wala akili yake haina upungufu. Kinachomkwamisha ni tarakilishi ambayo haijatayarishwa: amri anayoiandika haitambuliwi, faili aliyoipakua haiafiki mashine yake, na bando alilolinunua limekwisha kabla upakuaji kukamilika.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitayarisha tarakilishi kwa lugha ya Gleam, mojawapo ya lugha changa katika jamii ya lugha za fanksheni. Toleo la kwanza la majaribio, 0.1, lilitokea Aprili 2019, na toleo kamili la 1.0 likatolewa tarehe 4 Machi 2024. Aliyeianzisha ni Mwingereza Louis Pilfold, akisaidiwa na wachangiaji wengi wa kujitolea. Haitozwi ada yoyote, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Nembo yake ni kiti cha pweza cha rangi ya waridi kiitwacho Lucy, jambo linalowafanya baadhi ya watu kuidhania kuwa mchezo wa watoto. Dhana hiyo ni potovu. Katika utafiti wa mwaka 2025 wa tovuti ya Stack Overflow, Gleam ilishika nafasi ya pili nyuma ya Rust miongoni mwa lugha ambazo waliozitumia walitamani kuendelea nazo, ikipata asilimia 70. Kipimo hicho, hata hivyo, hakielezi ni watu wangapi wanaitumia. Kinaeleza tu kwamba walioionja hawakutaka kuiacha.

Fanksheni ni nini?

Katika somo la hisabati, mwanafunzi akipewa kanuni ya kuzidisha nambari kwa mbili kisha kuongeza moja, atapata 7 kila mara anapoanza na 3. Jibu halibadiliki kwa kuwa ni Jumatatu au kwa kuwa mtu mwingine ameitumia kanuni ile ile saa moja awali. Kanuni ya namna hiyo ndiyo fanksheni, na lugha za jamii hii hujengwa juu yake.

Tofauti na lugha nyingine huonekana zaidi pale thamani inapohifadhiwa. Chukua mfano wa daftari la chama cha akiba na mikopo. Katika programu nyingi za kawaida, salio la mwanachama ni kisanduku kimoja ambacho sehemu kumi tofauti za programu zinaweza kukifungua na kuyabadilisha yaliyomo. Kosa likizuka, mhandisi huanza kusaka ni sehemu gani iliyokivuruga. Katika lugha ya fanksheni, salio la jana halifutwi. Salio jipya huzaliwa kutokana na lile la zamani pamoja na malipo yaliyoingia, na kila hatua inaweza kukaguliwa peke yake.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwanahisabati Alonzo Church wa Marekani aliliwekea msingi katika miaka ya 1930, kabla tarakilishi za kisasa hazijaundwa. John McCarthy akabuni Lisp mwaka 1958, Robin Milner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakaunda ML katika miaka ya 1970, na Haskell ikafuata mwaka 1990. Gleam imerithi kwa ML tabia ya kukagua aina za data kabla programu haijaanza kazi. Kwa upande wa utendaji, imeegemea mzazi mwingine, naye ni Erlang.

Nguzo iitwayo Erlang

Bila kuifahamu Erlang, hatua nyingi za matayarisho zitaonekana kuwa usumbufu usio na sababu. Lugha hiyo ilianza kubuniwa mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya Ericsson nchini Uswidi, na Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Jina lake ni la Agner Krarup Erlang (1878-1929), mwanahisabati wa Denmark aliyechunguza jinsi simu zinavyosubiriana katika laini za kampuni ya simu mjini Copenhagen.

Ericsson ilihitaji mitambo ya simu isiyozimika. Kwa hivyo Erlang iliundwa iendeshe shughuli nyingi ndogo ndogo kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na uhai wake, ili moja ikianguka nyingine zisianguke nayo. Mwaka 1998 kampuni hiyo iliufungua msimbo wake kwa umma.

Wakenya wengi wameinufaika Erlang pasipo kujua. Mitambo ya WhatsApp ilijengwa kwa lugha hiyo. Wakati Facebook ilipotangaza, Februari 2014, kwamba ingeinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, huduma hiyo ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi, ilhali wahandisi wake hawakufika 50.

Gleam huutumia mtambo huo huo. Msimbo ulioandikwa kwa Gleam hutafsiriwa kuwa wa Erlang, kisha mtambo wa Erlang ndio unaouendesha. Vilevile, Gleam inaweza kutafsiriwa kuwa JavaScript, lugha inayoeleweka na kila kivinjari cha mtandao. Ndiyo maana mtu anayeisakinisha Gleam peke yake, yaani kuiweka katika tarakilishi bila Erlang, hupata mtafsiri asiye na wa kumsikiliza.

Kujaribu kabla ya kupakua

Kabla ya kutumia bando lolote kubwa, ni busara kuionja lugha yenyewe. Tovuti ya Gleam ina ukurasa wa mafunzo katika anwani ya tour.gleam.run. Mafunzo hayo huendeshwa ndani ya kivinjari: mwanagenzi huandika msimbo upande mmoja na kuona matokeo upande wa pili papo hapo, hakuna kinachosakinishwa. Anayetumia tarakilishi ya saiba, au ya shule ambako hana idhini ya kuweka programu mpya, anaweza kuyamaliza mafunzo yote hapo.

Atagundua mapema mambo kadhaa ya ajabu kwa aliyezoea lugha nyingine. Gleam haina kauli ya "if" inayosimama peke yake, wala haina kitanzi cha kurudia kazi. Uamuzi hufanywa kwa neno "case", na marudio hufanywa na fanksheni inayojiita yenyewe. Alama ya kujumlisha nambari kamili ni "+", lakini nambari zenye desimali hujumlishwa kwa "+." yenye nukta. Kugawanya nambari kwa sifuri hakuzui programu kuendelea. Jibu ni sifuri, uamuzi ambao mwalimu yeyote wa hisabati ana haki ya kuutilia shaka.

Kuisakinisha Gleam

Gleam huja kama faili moja tu. Ndani yake mna kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo, pamoja na kipangaji cha mistari, kipakuzi cha maktaba na msaidizi wa kihariri. Katika lugha nyingi vitu hivi husakinishwa kimoja kimoja, na aghalabu hugombana.

Katika tarakilishi za Apple zenye programu ya Homebrew, amri moja yatosha, na Erlang huletwa pamoja nayo:

brew install gleam

Katika Windows, wenye programu ya Scoop huandika amri mbili hizi katika dirisha la amri liitwalo PowerShell:

scoop install erlang
scoop install gleam

Wasio na Scoop, pamoja na watumiaji wengi wa Linux, huenda katika ukurasa wa matoleo ya Gleam kwenye tovuti ya GitHub na kupakua faili wenyewe. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa orodha ni ndefu na majina yanatisha. Siri iko katika sehemu mbili za jina. "x86_64" humaanisha mashine zenye bongo za Intel au AMD, ambazo ndizo vipakatalishi vingi vinavyouzwa nchini, vipya na vya mitumba. "aarch64" ni za aina ya ARM, kama zile za Apple za miaka ya karibuni. Sehemu ya pili hutaja mfumo endeshi: "windows", "linux" au "apple". Mwenye kipakatalishi cha kawaida cha Linux atatafuta jina lenye "x86_64-unknown-linux-musl".

Kando ya kila faili kuna nyingine ndogo yenye kikomo cha "sha256". Hiyo ni alama ya kidole ya faili kubwa. Katika Linux, amri ya "sha256sum" ikifuatwa na jina la faili huonyesha alama ya kile kilichopakuliwa; katika PowerShell, amri ni "Get-FileHash". Alama hizo mbili zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili ifutwe na kupakuliwa upya, kwani ama imekatika njiani au imechezewa. Kazi hii haichukui dakika moja, na ni ya lazima hasa kwa anayepokea programu kupitia flashi diski ya rafiki.

Faili ikishafunguliwa, ihamishiwe mahali ambapo tarakilishi hutafuta programu. Orodha ya mahali hapo huitwa PATH. Katika Linux, amri ifuatayo hufaa:

sudo mv gleam /usr/local/bin

Katika Windows, mtumiaji huunda folda, mathalani C:\gleam, huiweka faili humo, kisha huiongeza folda hiyo katika PATH kupitia dirisha la "Environment Variables" linalopatikana kwa kuandika maneno hayo katika kisanduku cha kutafutia. Dirisha la amri lililokuwa wazi lifungwe na kufunguliwa upya. Lisipofungwa halitaiona PATH mpya, na mtu anaweza kupoteza alasiri nzima akirekebisha kitu kisichokuwa na kasoro.

Kuhakikisha kwamba yote ni shwari:

gleam --version

Jibu likiwa jina la Gleam likifuatwa na nambari ya toleo, nusu ya safari imekwisha.

Erlang na mtego wa matoleo ya zamani

Kisakinishi cha Erlang cha Windows hupatikana katika tovuti ya erlang.org. Ni faili kubwa, yenye zaidi ya megabaiti 100, kwa hivyo anayenunua data kwa siku afadhali aipakue mahali penye Wi-Fi. Baada ya kuisakinisha, folda ya "bin" iliyo ndani ya folda ya Erlang OTP huenda ikahitaji kuongezwa katika PATH kwa njia iliyotajwa hapo juu.

Katika Ubuntu, mfumo unaopendwa na wanafunzi wengi kwa kuwa haulipiwi, amri rahisi ni hii:

sudo apt install erlang

Urahisi huo una gharama. Ubuntu 24.04 huleta Erlang toleo la 25, na Ubuntu 22.04 huleta toleo la 24. Mradi mdogo huenda ukaendeshwa pasi na tatizo, na mwanagenzi akaamini kuwa mambo yamenyooka. Siku atakapoongeza maktaba ya gleam_json, inayosoma data za muundo wa JSON utumiwao na huduma nyingi za mtandao, atakumbana na makosa yasiyoeleweka. Maktaba hiyo, tangu toleo lake la 2, hutegemea uwezo ulioongezwa katika Erlang toleo la 27 la Mei 2024. Kosa halimo katika msimbo wake, bali chini kabisa kwenye msingi.

Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa Ubuntu ataokoa muda akianza na toleo jipya. Kundi linaloshughulikia programu ya RabbitMQ, ambayo pia huendeshwa na Erlang, hutunza ghala lenye matoleo ya karibuni, na huongezwa hivi:

sudo add-apt-repository ppa:rabbitmq/rabbitmq-erlang
sudo apt update
sudo apt install erlang

Zipo pia programu za kusimamia matoleo kama vile asdf. Hizo zinawafaa wanaofanya kazi na miradi mingi yenye mahitaji tofauti, lakini asdf huijenga Erlang kutoka msimbo wake wa asili, kazi inayochukua muda mrefu katika mashine dhaifu na kuhitaji zana za ziada. Mwanagenzi hana haja nayo.

Kuihakikisha Erlang ni kuandika "erl". Dirisha litaonyesha nambari ya toleo na kungoja. Wengi hunaswa hapa, kwani kuandika "exit" au "quit" hakufui dafu. Njia ya kutoka ni kuandika "q()." pamoja na nukta yake ya mwisho. Nukta ikisahauliwa, Erlang huendelea kungoja sentensi imalizike.

Asiyeweza kabisa kuipata Erlang, lakini ana Node katika mashine yake, bado anaweza kuendelea. Atatumia upande wa JavaScript kwa kuandika "gleam run --target javascript" kila anapoiendesha programu. Atakosa uwezo ule wa Erlang wa kuendesha shughuli nyingi kwa pamoja, ila kwa kujifunza misingi ya lugha hatapungukiwa na mengi.

Mradi wa kwanza

Mradi huanzishwa kwa amri moja. Kwa mfano, programu ya kukadiria nauli ya matatu:

gleam new nauli
cd nauli
gleam run

Jina la mradi liwe la herufi ndogo, tarakimu na mstari wa chini pekee, na lianze kwa herufi. Majina yanayoanza kwa "gleam_" yametengewa wenye lugha. Kiswahili hakipati shida hapa kwa kuwa herufi zake hazina alama za juu, isipokuwa ile ya ng'. Anayetaka kuunda programu ya kuhesabu ng'ombe itambidi aandike "ngombe" katika majina ya msimbo, na kuiweka ng' sahihi katika maandishi yanayosomwa na mtumiaji tu.

Mara ya kwanza, "gleam run" huhitaji mtandao ili kupakua maktaba mbili: ile ya msingi na ile ya majaribio. Baada ya hapo skrini itaonyesha salamu ya Kiingereza iliyoandaliwa na Gleam yenyewe, "Hello from nauli!". Ikiwa badala yake kunatokea ujumbe unaolalamika kuwa programu fulani haikupatikana, basi Erlang haijasakinishwa au haimo katika PATH.

Ndani ya folda ya mradi, kilicho muhimu ni faili ya gleam.toml, yenye jina la mradi na orodha ya maktaba zinazohitajika. Folda ya src, panapoandikwa programu. Na folda ya test, ya majaribio. Faili ya manifest.toml hujiandika yenyewe na kuhifadhi matoleo kamili ya maktaba zilizopakuliwa. Isihaririwe kwa mkono, lakini isifutwe pia, kwa sababu ndiyo inayowahakikishia watu wawili wenye mradi mmoja kwamba wanatumia maktaba zile zile. Folda ya build ni matokeo ya kazi ya kompaila, na hujengwa upya ikipotea.

Yaliyomo katika src/nauli.gleam yanaweza kubadilishwa yawe hivi:

import gleam/int
import gleam/io

pub fn main() {
  io.println("Nauli: Sh" <> int.to_string(kiasi(8)))
}

pub fn kiasi(umri: Int) -> Int {
  case umri < 12 {
    True -> 50
    False -> 100
  }
}

Fanksheni ya "kiasi" hupokea umri na kurejesha nauli. Neno "pub" huiruhusu itumiwe na faili nyingine, na alama ya "<>" huunganisha maandishi. Nambari ya nauli sharti igeuzwe kuwa maandishi kwanza. Gleam haikisii nia ya mwandishi.

Ukali huo ndio faida kuu ya lugha hii, na unaweza kushuhudiwa kwa kufuta mstari wa "False -> 100" na kuendesha tena. Kompaila itakataa katakata, ikieleza kuwa hali moja haijashughulikiwa na kuitaja hali yenyewe. Katika lugha nyingi programu ingekubali kuendeshwa, na kosa lingegunduliwa na abiria wa kwanza mwenye umri wa miaka 12 au zaidi. Vivyo hivyo, kujumlisha 1 na maandishi "2" hukataliwa kabla programu haijaanza, pamoja na mshale unaoonyesha mahali penye kasoro.

Majaribio huandikwa katika test/nauli_test.gleam. Fanksheni yoyote ambayo jina lake huishia kwa "_test" huhesabiwa kuwa jaribio:

import gleeunit
import nauli

pub fn main() {
  gleeunit.main()
}

pub fn mtoto_test() {
  assert nauli.kiasi(8) == 50
}

Amri ya "gleam test" huyaendesha yote. Neno "assert" kwa matumizi haya liliongezwa katika toleo la 1.11 la mwaka 2025, kwa hivyo mwenye toleo la awali ataonyeshwa kosa. Amri nyingine mbili zitatumika kila siku: "gleam check", inayokagua msimbo bila kuuendesha, na "gleam format", inayopanga mistari kwa mtindo mmoja. Mtindo huo hauna chaguo wala mapendeleo. Baadhi ya watu huuchukia siku ya kwanza, ila unamaliza mabishano ya kila mara kuhusu nafasi na mabano.

Kihariri

Msimbo wa Gleam unaweza kuandikwa hata kwa programu sahili ya maandishi. Hata hivyo, kihariri chenye kuelewa lugha humwonyesha mwanagenzi makosa anapoendelea kuandika, na humkamilishia majina ya fanksheni. Kinachotumiwa zaidi ni Visual Studio Code cha Microsoft, ambacho huongezewa kiendelezi chenye jina la Gleam kutoka ghala lake. Zed, Helix na Neovim pia huielewa lugha hii, na viwili vya mwisho huendeshwa ndani ya dirisha la amri, hivyo havilemei mashine kuukuu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kiendelezi chenyewe hakina akili. Msaidizi halisi yumo katika faili ile ile ya Gleam, na kihariri humwita kupitia PATH. Ikiwa rangi za maneno zinaonekana lakini hakuna msaada wowote unaotolewa, aghalabu chanzo ni kwamba kihariri kilifunguliwa kabla PATH haijarekebishwa. Kifungwe na kufunguliwa tena. Aidha, ifunguliwe folda nzima ya mradi wala si faili moja ya msimbo, kwa kuwa msaidizi huhitaji kuisoma gleam.toml.

Kwa upande wa uwezo wa mashine, Gleam ni nyepesi. Android Studio, inayotumiwa kuunda programu za simu, huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache. Kompaila ya Gleam, ambayo yenyewe imeandikwa kwa lugha ya Rust, haidai kiasi hicho, na kipakatalishi cha gigabaiti 4 kinaweza kufanya kazi hii pamoja na kihariri chepesi.

Darasa lenye mtandao hafifu

Mwalimu mwenye wanafunzi ishirini na laini moja ya data hana haja ya kupakua mara ishirini. Faili ya Gleam na kisakinishi cha Erlang vinaweza kunakiliwa kwa flashi diski hadi mashine nyingine, mradi ziwe za mfumo endeshi na aina moja ya bongo. Maktaba nazo hukaa katika folda ya build/packages ndani ya mradi. Mwalimu akiuandaa mradi mmoja, akaandika "gleam deps download", kisha akainakili folda yote pamoja na manifest.toml, kwa kawaida wanafunzi wataweza kuuendesha bila mtandao.

Tatizo lililosalia ni la lugha ya binadamu. Ujumbe wa makosa wa Gleam husifiwa kwa uwazi, lakini wote ni wa Kiingereza. Kiswahili kimewahi kuingizwa katika programu huria. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Zana nyingi za waundaji wa programu hazijapata bahati hiyo. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi karatasi ya tafsiri ya maneno machache yanayojirudia: "Type mismatch" ni aina za data zisizoafikiana, "Unknown variable" ni jina lisilotambulika, na "Inexhaustive patterns" ni hali ambazo hazikushughulikiwa zote.

Maktaba, ajira na hatua inayofuata

Maktaba za ziada hutoka katika ghala la Hex, linalotumiwa pia na Erlang na Elixir. Anayetaka kuunda tovuti huandika "gleam add wisp" kwa upande wa seva, au "gleam add lustre" kwa kurasa zinazoonekana katika kivinjari. Baadhi ya maktaba za Hex ziliandikwa kwa Erlang na huhitaji zana iitwayo rebar3. Zikikosa kujengwa, zana hiyo ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Anayejifunza kwa matumaini ya kuajiriwa upesi anapaswa kuelezwa ukweli. Nafasi za kazi zinazoitaja Gleam ni chache mno zikilinganishwa na zile za JavaScript, Python au Java, na chipukizi anayetafuta kazi yake ya kwanza atafanya vyema kujifunza mojawapo ya hizo pia. Gleam inamfaa zaidi yule mwenye lugha moja tayari, anayetaka kuzoea kufikiri kwa njia ya fanksheni na aina za data, au anayeunda huduma yake mwenyewe isiyotakiwa kuzimika. Mazoezi ya bure yanapatikana katika tovuti ya Exercism, iliyo na mkondo maalumu wa Gleam. Mazoezi hayo hupakuliwa na kufanyiwa katika mashine iliyotayarishwa kwa njia iliyoelezwa hapa.

Programu ikiwa tayari kuhamishiwa seva, huandikwa "gleam export erlang-shipment". Folda ya erlang-shipment itajitokeza ndani ya build, ikiwa na kila kitu isipokuwa mtambo wa Erlang. Seva itakayoipokea haihitaji kuwa na Gleam, bali Erlang pekee, na toleo lake lisiwe la zamani kuliko lile la tarakilishi iliyoijenga.